Uwanja wa Gahanga na Hoja za Wanaoubeza

Rais Paul Kagame aliufungua Uwanja wa Kriketi wa Gahanga tarehe 28 Oktoba 2017. Uko pembezoni mwa jiji la Kigali, wilaya ya Kicukiro, kwenye barabara iendayo Bugesera. Mgeni aliyezoea viwanja vya kandanda anaweza kuupita asijue ni uwanja wa kimataifa, kwa kuwa hauna majukwaa marefu ya zege. Una duara pana la nyasi, banda lenye makuba matatu ya vigae vya udongo, na kingo za majani ambazo watu hukaa kutazama mechi. Gharama yake ilikuwa takriban pauni milioni 1 za Uingereza.

Hoja za kuubeza hazijaisha tangu siku ile, na siku hizi zinarudi upya kila nchi jirani inapofikiria kujenga kitu kama hicho. Baadhi zina uzito, nyingine ni kejeli tu za mashabiki wa kandanda. Nitazijibu kadiri ya uzito wake.

“Rwanda haikutawaliwa na Mwingereza. Kriketi inawahusu nini?”

Ni kweli, Rwanda ilitawaliwa na Mjerumani, kisha Mbelgiji hadi mwaka 1962, na hakuna hata mmoja kati yao aliyecheza kriketi. Lakini mchezo huu haukuletwa na gavana. Kuanzia 1959 familia nyingi za Kitutsi zilikimbilia Uganda, Tanganyika, Burundi na Kongo, na nyingine zikafika Kenya. Watoto wao walikulia huko, wakasoma huko, na wale waliopitia shule za Uganda na Kenya wakaikuta kriketi kama walivyoikuta lugha ya Kiingereza. Waliporejea nyumbani baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, walirudi na vyote viwili, pamoja na Kiswahili.

Chama cha kriketi cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1999. Mwaka 2003 nchi ikapokelewa na Baraza la Kimataifa la Kriketi, yaani ICC. Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola Novemba 2009. Anayedai kuwa kriketi ilipandikizwa ili kuwapendeza wakubwa wa Jumuiya ya Madola basi aeleze vijana wale walikuwa wakimpendeza nani miaka 10 kabla. Na kama mchezo unakataliwa kwa sababu ya meli uliyokuja nayo, kandanda nayo itabidi ipande meli irudi.

“Fedha hizo zingejenga zahanati.”

Zingeweza, kama zingekuwa fedha za zahanati. Hazikutoka kwenye bajeti ya Wizara ya Afya. Zilichangishwa na mfuko uliosajiliwa Uingereza kwa kazi hiyo moja tu, kuijengea Rwanda uwanja wa kriketi. Wazo lilikuwa la Mwingereza Christopher Shale. Alipofariki mwaka 2011, mwanawe Alby akalichukua, na mwaka 2013 alipiga mipira kwenye nyavu kwa saa 26 mfululizo ili kutafuta wachangiaji.

Hapa mkosoaji makini atauliza swali zuri zaidi: je, si hatari mfadhili kuamua nchi maskini ijengewe nini, kwa sababu tu yeye anakipenda kitu hicho? Ni hatari. Afrika Mashariki imejaa majengo ya wafadhili ambayo hakuna mwenyeji aliyeyaomba. Njia ya kupima ni kuangalia kama wenyeji nao walikitaka kiasi cha kukitolea jasho. Mei 2016, nje ya Uwanja wa Amahoro, Eric Dusingizimana, nahodha wa timu ya taifa na mhandisi wa ujenzi kwa taaluma, aliingia kwenye nyavu akapiga mipira kwa saa 51. Hapakuwa na usingizi wa maana, ila mapumziko mafupi tu ambayo kanuni za rekodi ziliruhusu. Akavunja rekodi ya dunia, na michango ikaongezeka. Uwanja huu ulikuwa na mwombaji Mnyarwanda, na aliuomba hadharani kwa siku mbili usiku na mchana.

“Ardhi haitoshi kulima, mnaipa mpira.”

Sensa ya 2022 ilihesabu Wanyarwanda milioni 13.2 kwenye nchi ya kilomita za mraba 26,338. Hakuna nchi ya Afrika bara yenye msongamano kama huo, kwa hiyo hoja ya ardhi haichekeshi. Lakini tupige hesabu. Kanuni za kimataifa zinataka mpaka wa uwanja wa wanaume usizidi mita 82 kutoka katikati ya pichi, yaani kile kipande cha kati kinachorushiwa mpira. Duara la kipimo hicho cha juu kabisa lina hekta 2 na kidogo, karibu sawa na viwanja vitatu vya kandanda. Kwenye duara hilo moja hucheza wanaume, wanawake, vyuo na watoto wa shule za msingi. Kwa taifa zima, hekta hizo si kitu cha kugombania.

“Walikuwa na uwanja Kicukiro. Ungetengenezwa huo huo.”

Hili linahitaji utulivu, kwa sababu wengi wanaolisema hawajui Kicukiro ni wapi. Uwanja wa zamani ulikuwa kwenye eneo la shule ya ufundi ya ETO. Aprili 1994, watu zaidi ya 2,000 walikimbilia shuleni hapo kwa sababu askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa wamepiga kambi. Tarehe 11 Aprili askari wakaondoka. Waliobaki nyuma walisombwa na wanamgambo hadi kilima cha Nyanza na wengi mno wakauawa. Kilima hicho leo kina makumbusho, na kiko kwenye barabara hii hii ya kwenda Gahanga.

Vijana walicheza kriketi pale ETO kwa miaka mingi, na sidhani walikosea. Watoto walirudi darasani kwenye majengo yale yale pia, kwa kuwa maisha hayakuwa na mahali pengine pa kwenda. Lakini kulitaka taifa lifanye eneo hilo kuwa makao ya kudumu ya mchezo, likaribishe timu za kigeni na kuwauzia soda, ni jambo jingine. Zaidi ya hapo ETO ilikuwa mali ya chuo, na ratiba ya chuo hutangulia ratiba ya chama cha kriketi. Tena pichi yake haikuwa ya nyasi asilia. Hapo tunafika kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

“Zulia juu ya zege lingetosha. Nyasi ni anasa.”

Sheria za kriketi zinaruhusu pichi isiyo ya nyasi, na mechi za kimataifa huchezwa juu yake katika nchi kadhaa. Ni nafuu, mvua haiiharibu sana, na mtoto anayeanza hufurahi kwa sababu mpira unadunda vilevile kila mara. Tatizo ni hilo neno “vilevile”.

Katikati ya uwanja wa kriketi kuna pichi, kipande cha ardhi cha urefu wa mita 20.12. Karibu kila kitu cha mchezo hutokea hapo. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi wenye uzito wa gramu 160 hivi, na mpira hugonga ardhi kabla ya kumfikia mpigaji. Kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, wenye nyasi zilizokatwa hadi karibu na ngozi ya ardhi, mshono wa mpira ukigusa huweza kuupeleka kushoto au kulia. Asubuhi kukiwa na unyevu mpira hukimbia kwa namna moja. Alasiri, jua likishaikausha pichi na kuipasua nyufa, mpira wa mzunguko huanza kukata kona, na mwingine hubaki chini usipande. Mpigaji aliyekulia kwenye zulia huusubiri mpira kiunoni nao unampita kwenye kifundo cha mguu. Mrushaji wa zulia naye hajui kusoma ardhi, kwa sababu ardhi yake haijawahi kumwambia kitu. Ukiwapeleka hawa wawili Afrika Kusini au Namibia, wanakutana na mchezo mwingine wenye jina lile lile.

Pichi ya nyasi haijengwi ikaisha, inalimwa kama bustani ya mboga. Inataka udongo wenye mfinyanzi wa kutosha, maji kwa kipimo, rola nzito, na mtunza uwanja anayeamka kabla ya wachezaji. Kigali ina misimu miwili ya mvua, kwa hiyo bila mifereji mizuri ya chini uwanja mzima ungegeuka dimbwi kila Aprili. Ujuzi huu haukuwapo Rwanda. Ulipaswa kufundishwa, na haukuweza kufundishwa bila kuwa na kipande cha ardhi cha kujifunzia.

Wanaodhani haya ni mambo madogo watazame Antigua. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2007 walijengewa kwa fedha za China uwanja mpya wenye jina la Sir Vivian Richards, mchezaji mkubwa kuliko wote waliozaliwa kisiwani humo. Majukwaa mazuri, kila kitu kipya. Februari 2009 Uingereza ilikuja kucheza, na mechi ya siku tano ikavunjwa baada ya mipira 10 kurushwa. Uwanja ulikuwa umejaa mchanga kiasi kwamba warushaji hawakupata pa kukanyaga. Mechi ikahamishiwa uwanja wa zamani wa mjini. Hapo ni kisiwani ambako watoto huzaliwa na kriketi.

Au watazame New York. Kwa Kombe la Dunia la mizunguko 20 la mwaka 2024, kwenye bustani ya Eisenhower, kaunti ya Nassau, kulisimamishwa uwanja wa watu 34,000 uliogharimu takriban dola milioni 30. Pichi zilioteshwa Florida ndani ya trei kubwa, zikasafirishwa kwa malori. Tarehe 3 Juni Sri Lanka ilitolewa yote kwa mikimbio 77. ICC yenyewe ikakiri kwamba pichi hazikuwa na mdundo wa kuaminika. Zikachezwa mechi 8, kisha majukwaa yakafunguliwa na kuondolewa. Simcheki Mmarekani, kwani alitaka mashindano na aliyapata. Ila nchi changa kwenye kriketi ikitaka kuiga, ijue inaiga kipi. New York ilianza na viti, udongo ukaja baadaye kwa lori. Gahanga ilianza na udongo, na majukwaa haina hadi leo.

“Banda la udongo si hadhi ya kimataifa.”

Kejeli hii huipenda sana watu wa mjini. Banda la Gahanga lilibuniwa na kampuni ya wasanifu ya Light Earth Designs. Wakati wa kusawazisha uwanja kwenye mteremko, udongo uliokatwa ulirundikwa kuwa kingo, na makuba matatu yakajengwa yakiota kutoka kwenye kingo hizo. Ukiyatazama kwa mbali unaona mfululizo wa vilima, au njia ya mpira unaodunda mara tatu. Kuba kubwa lina upana wa mita 16.

Vigae vyake vilitengenezwa hapo hapo kwa udongo wa eneo hilo uliochanganywa na saruji kidogo na kukandamizwa. Vilipangwa tabaka juu ya tabaka, na kati ya matabaka ukatandikwa wavu wa plastiki ngumu kwa sababu Rwanda iko jirani na Bonde la Ufa na ardhi hutikisika. Nondo na maboriti ya chuma hayabebi makuba hayo. Yanajibeba kwa umbo lake, uzito ukiteremka kwenye tao hadi chini.

Sasa fikiria nchi isiyo na bahari, ambayo shehena yake nyingi hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kilomita zaidi ya 1,400 kwa barabara. Kila tani ya chuma iliyoepukwa ni nauli iliyobaki Kigali ikawa mshahara wa fundi. Mafundi waliofundishwa kupanga vigae vile ni Wanyarwanda. Kwa hoja ya hadhi, nitasema tu kwamba jengo hili limeandikwa na kupigwa picha na majarida ya usanifu duniani kuliko viwanja vingi vya zege tunavyojivunia.

“Ni mchezo wa wanaume, tena wa Wahindi.”

Jibu fupi ni Januari 2023, mjini Potchefstroom, Afrika Kusini. Kombe la kwanza kabisa la Dunia la wasichana chini ya miaka 19 lilikuwa linachezwa. Rwanda ilifika huko baada ya kuishinda Tanzania kwenye fainali ya Afrika nchini Botswana. Ikaifunga Zimbabwe kwa tofauti ya mikimbio 39, Henriette Ishimwe akiangusha wiketi nne kwa mipira minne mfululizo, jambo ambalo warushaji wakubwa huimaliza kazi yao yote bila kulionja. Kisha, chini ya nahodha Gisele Ishimwe, ikaifunga West Indies. Nchi zile za Karibiani zilizotoa akina Brian Lara ziligota kwa mikimbio 70, na mabinti wa Rwanda wakaipita hesabu hiyo.

Mabinti hao walikuwa bado watoto Gahanga ulipofunguliwa.

“Mechi za kimataifa zenyewe ni kituko. Mali si walitolewa kwa mikimbio 6?”

Walitolewa, tarehe 18 Juni 2019, hapo hapo Gahanga, kwenye mashindano ya wanawake ya Kwibuka ambayo yalianzishwa mwaka 2014 kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari. Katika hiyo mikimbio 6, mitano ilikuwa ya ziada isiyotokana na gongo la mpigaji. Rwanda ikamaliza kazi kwa mipira minne. Siku mbili baadaye Uganda iliwapiga Mali hao hao mikimbio 314. Dunia ikacheka kwa wiki nzima.

Hadhi ya kimataifa ya mechi kama hizo ilipatikana kwa uamuzi wa ICC, ambayo ilitangaza kuwa tangu Julai 2018 kila mechi ya mizunguko 20 kati ya timu za wanawake za nchi wanachama itahesabiwa kuwa ya kimataifa, na ya wanaume kuanzia Januari 2019. Mtu anaweza kubishana na uamuzi huo. Lakini aibu ya kufungwa vibaya haikuanzia Bamako. New Zealand, miaka 25 baada ya kuanza kucheza mechi za daraja la juu kabisa, walitolewa na Uingereza mjini Auckland kwa mikimbio 26, mwaka 1955. Rekodi hiyo bado ipo. Hakuna aliyependekeza New Zealand wafunge viwanja vyao.

Na Kwibuka si mashindano ya kujaza nafasi tu. Mwaka 2022 Tanzania ilitwaa kombe hilo kwenye ardhi ya Kigali. Mwaka uliofuata Rwanda yenyewe ikalitwaa. Oktoba na Novemba 2021 Gahanga ulipokea hatua za kufuzu za wanaume za Afrika, na fainali ya kanda iliyozikutanisha Uganda, Kenya, Nigeria na Tanzania ikaishia mikononi mwa Waganda. Uganda hao miaka miwili baadaye waliifunga Zimbabwe nchini Namibia, wakaenda Kombe la Dunia la 2024 na kuifunga Papua New Guinea. Siwezi kusema Gahanga ndio uliowapeleka. Ninachosema ni kwamba mechi hizo za mashindano zilihitaji mahali pa kuchezewa karibu na kwao, na mahali palikuwapo.

“Kenya ilikuwa na viwanja, iko wapi leo?”

Hii ndiyo hoja inayoniuma. Nairobi Gymkhana ndipo Mpakistani Shahid Afridi alipopiga mikimbio mia kwa mipira 37 mwaka 1996. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, baada ya kuishangaza Sri Lanka nyumbani Nairobi. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Viwanja vilikuwapo, ila viongozi waligombana, fedha zikawa chanzo cha kesi, wachezaji wakagoma.

Nakubali kwamba uwanja hauleti ushindi wenyewe. Timu ya wanaume ya Rwanda haijafika Kombe la Dunia lolote, na uwanja mmoja mzuri katika jiji moja haumfikii mtoto wa Rusizi. Tofauti moja naiona hata hivyo. Viwanja vingi vya kriketi tulivyorithi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam vilijengwa kuwa vilabu vya wanachama, na kwa miaka mingi lango lilijua nani apite. Gahanga haukujengwa kwa ajili ya wanachama. Ulijengwa kwa ajili ya timu za taifa na watoto wa shule, na hilo linawapa wasimamizi wake kisingizio kimoja pungufu.

Basi anayetaka kuukosoa uwanja huu, au ule utakaojengwa kesho Bujumbura au Dodoma, aache habari za Mwingereza na za zahanati. Kila mwaka aulize mambo matatu: pichi ilichezewa siku ngapi, watunza uwanja wanalipwa na nani, na fedha za maji na rola ziko kwenye kitabu gani cha hesabu. Wasimamizi wakishindwa kumjibu, awakosoe kwa sauti kubwa, nami nitakuwa upande wake.